Stroberi na Malai kwa Wakwe

Vatsala Kasurde aliamka siku hiyo akiwa na jambo moja tu kichwani, na jambo lenyewe halikuwa kubwa. Stroberi, malai, sukari. Vitu vitatu. Mwanamke aliyeishi miaka thelathini na moja na mume asiyejua soksi zake zilipo, akalea mtoto, na akatunza mama mkwe mwenye ulimi wa pilipili, hashindwi na vitu vitatu.

Wageni wangefika saa kumi alasiri kutoka Satara: Bwana Jagtap, mkewe Mandakini, na binti yao Rutuja, aliyechaguliwa kwa ajili ya mwanawe Sanket. Miezi mitatu nyuma kina Kasurde ndio walioshuka kwenda kumwona binti. Wakakaribishwa, wakala, wakapendezwa. Sasa ilikuwa zamu ya upande wa binti kupanda mlima kuja kuiona nyumba ambayo mtoto wao angeingia, na wakiridhika, neno lingetolewa palepale na tarehe ikatajwa. Zamani binti mwenyewe alibaki kwao akisubiri kuambiwa. Siku hizi wanakuja.

"Rutuja kasema anataka kuona jiko," Sanket alikuwa amemwambia mama yake wiki iliyopita, akitazama ukuta.

"Jiko langu?"

"Ndiyo, mama."

Basi jiko lingeonwa. Vatsala alilipaka chokaa upya, akasugua sufuria kwa majivu na ndimu mpaka zikawa vioo. Na kwa kuwa nyumba yao ilikuwa nyumba ya stroberi, na hakuna mtu wa bondeni anayepanda hapa Panchgani msimu wa baridi asitake kula stroberi na malai, aliamua kwamba ndicho watakachokula wakwe, kwa mkono wake, kutoka shamba lao. Siku nne aliengua malai ya maziwa ya nyati kila asubuhi, akaiweka kwenye chungu ndani ya friji, na kumwapia kila aliyepita jikoni kwamba atakayeigusa atamkata vidole.

Ila saa moja asubuhi, alipofunua kreti la stroberi ambalo mumewe alimwachia mlangoni, moyo ulimshuka.

"Baba Sanket," aliita. "Hiki ni nini?"

Mumewe Dagadu alikuwa ukumbini, anakunywa chai kwa kuimimina kwenye kisahani. "Kreti."

"Naona ni kreti. Ndani yake?"

"Stroberi."

"Hizi ndizo stroberi? Hii ina kidonda. Hii begani nyeupe kama nazi. Hii konokono kaila nusu, nusu ya pili kaiacha, yaani hata konokono imemshinda. Nilikuomba kreti moja la chumo la alfajiri. Moja, katika arobaini!"

"Lori lilikuja mapema."

"Na lile nililoliona kwa macho yangu, jekundu tupu, umelibeba kifuani kama mtoto mchanga?"

"Lipo mahali pake."

"Mahali pake wapi?"

Dagadu alimalizia chai yake, akafuta masharubu. "Mama Sanket, si kila jambo lazima ulijue." Akavaa kofia yake nyeupe, akatoka kwenda shambani, ambako kwa saa ile hakukuwa na kazi yoyote ya kumngoja.

Vatsala alisimama akilitazama lile kreti. Kilichomuudhi zaidi si stroberi mbovu. Ni ile sauti ya mtu anayejiona amefanya la maana.

Akaketi kwenye kibao, akachukua kisu, akaanza kuchambua. Hii ikatwe hapa, hii itupwe, hii inafaa ikigeuzwa upande. Kando yake, ungo mapajani, mama mkwe wake Yamuna, mwenye miaka themanini na tatu na sari yake ya kizamani iliyofungwa katikati ya miguu, alikuwa akichagua mawe kwenye mchele na kumtazama kwa jicho la pembeni.

"Mimi ningewapa mtindi," alisema.

"Ndiyo, mama. Umeshasema."

"Mtindi wa kuchuja. Ukiupiga na sukari na iliki, unakuwa mzito, haumsaliti mtu. Malai si ya kuaminiwa. Malai ni kama bwana harusi wa mjini, dakika moja anacheka, dakika ya pili hayupo."

"Umeshasema jana, mama, na juzi."

"Na leo nimesema," alijibu bibi kizee, akaendelea na mchele.

Juu yao, kwenye msumari wa boriti, kitambaa cheupe kilichojaa mtindi kilikuwa kikidondosha maji yake kwenye beseni, tone kwa tone. Yamuna alikuwa ameutundika jana jioni bila kumuuliza mtu. "Wangu mwenyewe wa kula Jumapili," alisema alipoulizwa. Tone kwa tone, asubuhi yote. Vatsala aliona kama mtu anamgongagonga kisogoni kwa kidole.

Saa nne Sanket akaja kusimama mlangoni. Alikuwa kijana mrefu wa miaka ishirini na saba, mpole mno, ambaye mbele ya wazee alisema "ndiyo" na "hapana" na basi.

"Mama. Kwani lazima iwe stroberi?"

Kisu kilisimama. "Umesema?"

"Nasema tu. Tungeweza kuwapa halua. Au mapera. Mapera ya kwetu ni matamu."

"Mapera." Vatsala aliweka kisu chini taratibu. "Baba yako ana ekari mbili za stroberi. Babu yako aliuza nyati wawili kununua miche ya kwanza. Wakwe wanatoka Satara, wanapita mabango ya stroberi njia nzima, wanafika kwa mkulima wa stroberi, wanapewa mapera. Watasema nini? Watasema mama mtu mchoyo, au shamba limekufa."

"Hawatasema hivyo."

"Unaona haya na kilimo chetu, siyo? Kwa kuwa binti kasoma?"

"Hapana, mama. Siyo hivyo. Ni kwamba..." Alijikuna shingo. "Basi."

"Basi nenda ukafagie uwanja."

Akaenda. Vatsala akamsikia akifagia mahali palepale kwa muda mrefu, kama mtu anayetaka kuchimba kisima kwa ufagio.

Saa saba unusu, basi la kutoka Wai likamshusha Shalan, dada mdogo wa Dagadu, amekuja kusaidia bila kuombwa. Aliingia na bangili zake zikilia, mfuko wa maua mkononi, simu sikioni, akiwa katikati ya kisa cha mama mkwe wa binti yake ambacho hakikuisha alipokata simu, bali kilihamia kwa Vatsala.

"Wifi, umechoka! Tazama macho. Nenda ukaoge, uvae. Mimi nitapiga hiyo malai."

"Acha, nitapiga mwenyewe. Inataka kuangaliwa."

"Nimepiga malai kabla hujaolewa humu ndani. Nenda! Unataka wakwe wakukute unanuka jasho?"

Vatsala alijinusa, na hapo ndipo alipokosea. Alitoa chungu kwenye friji, akamimina malai kwenye bakuli la chuma lililopoa, akachomeka mashine ya kuchapia, akamwambia wifi yake kwa kuhesabu vidole: "Polepole. Ikianza kusimama yenyewe, zima. Usizidishe hata kidogo."

"Nimesikia, bibi wee, nimesikia."

Kuoga kulichukua dakika kumi. Kufunga sari ya hariri ya kijani, kumi na tano. Katika dakika hizo zote alisikia mashine ikiunguruma, na juu ya mashine sauti ya Shalan: "...akamwambia mwanangu, chapati gani hizi, zimekauka kama soli! Mwanangu akanyamaza. Mimi ningenyamaza? Mama, wewe unanijua, mimi ningenyamaza?" Vatsala alipotambua kwamba mlio wa mashine umebadilika na kuwa mzito, kama gari linalopanda mlima na gia isiyofaa, alikimbia jikoni akiwa bado anashikilia pindo kwa meno.

Malai haikuwapo. Ndani ya bakuli kulikuwa na madonge meupe ya siagi yakiogelea ndani ya maji ya kijivu.

Shalan alilitazama bakuli, akamtazama wifi yake. "Si mbaya," alisema. "Ni siagi safi kabisa. Utapata samli nzuri."

"Wakwe nitawapa stroberi na samli?"

"Mashine yako kali sana, wifi. Ya kwangu haifanyi hivi."

Vatsala alichomoa mashine. Alitoka nje akamkuta Sanket.

"Panda pikipiki. Nenda mjini ulete malai. Ya pakiti, ya kopo, yoyote. Nusu saa!"

Alirudi baada ya saa nzima na kopo moja la unga wa kuweka kwenye kahawa. Ilikuwa Jumamosi ya msimu, barabara imejaa magari ya watalii, na kila kibanda kilichouza stroberi kilikuwa kimefagia malai yote ya madukani tangu asubuhi. "Mwenye duka kasema hii pia ni nyeupe," alieleza.

Vatsala alilipokea lile kopo, akaliweka rafuni juu kabisa, nyuma ya mafuta ya taa. Saa tisa na robo. Tone, lilisema lile beseni. Tone.

Alimgeukia mama mkwe wake. Yamuna alikuwa amemaliza mchele na sasa amekaa tu, mikono mapajani, anaangalia mlango kama mtu anayesubiri basi ambalo anajua litakuja.

"Mama."

"Enhe."

"Ule mtindi wako wa Jumapili."

"Una nini?"

"Naomba."

"Sijakusikia, masikio yangu siku hizi."

"Naomba mtindi wako, mama!"

Bibi kizee aliinuka kwa kuegemea ukuta, akafungua fundo la kitambaa kwa vidole vyake vilivyopinda. Mtindi ulikuwa umekauka vizuri, mzito, laini, umeshika alama za uzi wa kitambaa. Ulitosha watu kumi. Kwa Jumapili ya bibi mmoja asiye na meno.

"Sijasema neno," alisema Yamuna.

"Hujasema, lakini unatabasamu."

"Uso wangu ndivyo ulivyo."

Vatsala alichukua mpekecho wa mti, maana mashine hakutaka hata kuiona, akaupiga mtindi na sukari ya unga na iliki mbichi iliyotwangwa hapohapo, mpaka mkono ukawaka begani. Ulilainika, ukang'aa, ukasimama kwenye ncha ya mpekecho bila kudondoka. Alionja. Ulikuwa bora kuliko malai. Hilo nalo lilimuudhi.

Wageni walifika saa kumi kasoro robo, mapema, kama wafanyavyo wageni wanaotaka kukukuta hujajiandaa. Mgeni njoo mwenyeji apone, husema watu; mwenyeji huyu alikuwa hoi. Bwana Jagtap alikuwa karani mstaafu, mnene kidogo, kanzu na suruali nyeupe zilizopigwa pasi mpaka zikawa na makali. Mandakini alitazama kila kona ya nyumba kwa haraka na adabu. Rutuja alikuja nyuma yao, mwembamba, nywele zimesukwa msuko mmoja, akainama kugusa miguu ya bibi, kisha ya Vatsala.

"Jiko lako zuri, mama," alisema alipoonyeshwa. "Lina hewa." Alisema kwa kumaanisha, Vatsala akalegea kidogo, akaenda kupakua.

Alikuwa amepanga mabakuli manane ya kioo, stroberi chini, zile pande nzima zikiwa juu na vidonda vikiwa vimefichwa, mtindi juu yake, na iliki kidogo. Alipoingia ukumbini na sinia, mumewe akasimama katikati ya njia.

"Kwanza!" alisema Dagadu. "Kwanza, zawadi ya mkwe wangu."

Akaingia chumba cha mbolea, akatoka na kreti. Lilikuwa limezungushiwa maua ya njano, limefunikwa gunia lenye maji. Alilifunua kama mganga wa kiinimacho. Stroberi zilikaa humo safu kwa safu, kubwa, nyekundu mpaka kwenye kikonyo, hakuna hata moja yenye doa. Ukumbi mzima ukanukia.

"Chumo la kwanza la alfajiri," alisema kwa majivuno. "Nimezificha tangu asubuhi zisije zikaliwa na watu wa nyumbani."

Vatsala alilishika sinia kwa mikono miwili. Kwa hiyo hapo ndipo mahali pake. Wageni wangekula makombo ya konokono hapa, kisha wapeleke nzuri kwao wakajionee tofauti. Alimtazama mumewe kwa jicho ambalo, kama lingekuwa na moto, kofia yake ingeungua. Dagadu alimtabasamia. Aliamini kabisa anasifiwa.

"Mmetuheshimu," alisema Bwana Jagtap, lakini alisema haraka, na akamtazama mkewe. Mandakini aliangalia magoti yake.

Mabakuli yakagawiwa. Bwana Jagtap akala, akasifu. Shalan akasema mtindi huo ni wazo lake. Mandakini akala. Na Vatsala, ambaye macho yake hayakuwa na kazi nyingine, akaona kwamba Rutuja hali. Alizungusha kijiko pembeni mwa bakuli. Aliinua mtindi kidogo wa juu kabisa, akaunusa, akaurudisha. Mama yake alimnong'oneza neno, naye akafungua mkoba mdogo, akatazama ndani, akaufunga.

Anaringa, Vatsala aliwaza. Siku nne za malai, chungu cha mtindi, bega langu, naye anatazama simu kwenye mkoba. Akatafuta macho ya mwanawe amwulize kwa macho hayo huyu ni mtu gani uliyetuletea. Sanket alikuwa kakaa ukingoni mwa kiti, jasho limemtoka juu ya mdomo, anamtazama Rutuja kama mtu anayetazama mtoto juu ya paa.

Wazee wakazungumza. Nyumba imeonekana, watu wameonekana. Bwana Jagtap akakohoa, akasema wao wameridhika. Dagadu akasema nao wameridhika tangu siku ya kwanza. Basi neno likawa limetoka.

Na neno likishatoka, vinywa hutiwa utamu. Hiyo ndiyo desturi, kila mtu humlisha mwenzake kwa mkono, na mwenye mkono mwepesi ndiye huanza. Shalan aliruka kama aliyebanwa na pini. Alichagua kwenye kreti la zawadi stroberi kubwa kuliko zote, akaichovya kwenye mtindi, akamshika Rutuja kidevu.

"Fungua kinywa, bibi harusi! Fungua! Usione haya!"

"Shangazi, mimi..."

"Aa, haya ya nini? Aaa!"

"Asile!"

Hakuna aliyejua ni sauti ya nani, kwa sababu hakuna aliyewahi kuisikia ikipigwa namna ile. Sanket alikuwa amevuka ukumbi kwa hatua mbili. Aliupiga mkono wa shangazi yake, stroberi ikaruka, bakuli la Rutuja likaondoka na wimbi la mtindi mwekundu, na vyote vikatua kwenye suruali nyeupe ya Bwana Jagtap.

Donge la mtindi lilishuka polepole kwenye ule mstari wa pasi.

"Sanket," Vatsala alisema. "Una wazimu?"

"Hawezi kula stroberi, mama. Akila anavimba. Koo linambana. Mwaka juzi alilazwa siku mbili."

"Nani kakwambia?"

"Yeye mwenyewe."

"Lini?"

Sanket akatazama ukuta. "Mwezi wa kumi na moja."

Vatsala alifanya hesabu, ingawa hakutaka. Miezi miwili. Miezi miwili mwanawe amelala chini ya paa lake na siri hiyo. Amemwona akiengua malai siku nne, akakaa kimya. Amemwona akihangaika juu ya siagi, akapanda pikipiki, akamletea ule unga wa kuweka kwenye kahawa, akakaa kimya.

"Ulishindwa kuniambia? Una mdomo wa nini, wa kupigia mluzi?"

"Nilikuambia tuwape mapera."

"Mapera! Hiyo ni lugha gani? Mtu atasikia mapera ajue mchumba wako atakufa?"

"Siyo kosa lake, mama," Rutuja alisema. Alikuwa amesimama, amekunja mikono mbele. "Nilimwambia awaambieni. Halafu nyumbani wakasema tungoje. Wakasema nyinyi ni watu wa stroberi, mkijua mtaghairi. Nile kidogo tu kwa heshima, kisha nimeze dawa." Akafungua mkoba. Ndani hakukuwa na simu. Kulikuwa na karatasi ya vidonge na chupa ndogo ya maji.

"Rutuja!" mama yake alisema.

"Ni kweli, mama. Bora wajue."

Bwana Jagtap alikuwa akijifuta kwa leso, na kila alipofuta doa lilitanuka. "Sisi tuliona," alianza, "nani atamchukua binti asiyeweza kugusa stroberi, kumpeleka kwa mkulima wa stroberi? Binti yangu amekataliwa mara mbili kwa mambo madogo kuliko hilo. Kama mnataka kuvunja, semeni sasa, tusipotezeane muda."

Dagadu alitazama kreti lake lenye maua, kisha binti, kisha kreti. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa mvua inanyesha kutoka chini kwenda juu. "Hata moja?" aliuliza. "Hata zile ndogo?"

Hapo uvumilivu wa Vatsala, ambao ulikuwa umebaki uzi mmoja tangu asubuhi, ukakatika.

"Baba Sanket, nyamaza. Dada Mandakini, na wewe nisamehe, lakini ulitaka mtoto akavimbe koo barazani kwangu kwa heshima? Heshima ya nani? Na nyinyi wote mnaotazama hilo kreti kama msiba, nisikilizeni. Mimi stroberi sili."

"Unasema nini?" Dagadu aliuliza.

"Sili. Sijala tangu Sanket anaingia darasa la kwanza. Msimu ule barabara ilikatika, malori hayakuja, tukala stroberi asubuhi, mchana na jioni siku arobaini. Tangu siku hiyo nikiiweka karibu na mdomo, nairudisha kwenye kreti. Ninazipanda, nazichuma, nazipanga, nazichemsha jamu. Sili. Na shamba halijafa."

"Miaka ishirini na moja," Dagadu alisema taratibu. "Kila msimu nakuletea ya kwanza, nakuwekea kwenye kisahani."

"Nampa nyati."

Shalan aliziba mdomo. Bibi Yamuna ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha ndani kwa ndani kilichomtikisa mabega mpaka akalazimika kushika kiti. "Kwani mtoto anaolewa na shamba?" alisema alipopata pumzi. "Mimi samaki nilikuwa sili, na mume wangu alivua mto mzima. Nimekaa humu miaka sitini na sita. Mpeni mtindi mtupu, mtoto wa watu ana njaa."

Vatsala alirudi jikoni. Alichukua bakuli safi na kijiko safi ambacho hakikuwa kimegusa kitu. Kwenye sufuria ulikuwa umebaki mtindi ambao haujachanganywa na tunda. Akaujaza, akakwangulia sukari guru juu yake, akamenya ndizi moja iliyokuwa rafuni akaikatia humo. Alikuwa bado ana hasira, na hakujua tena hasira hiyo ni kwa nani, ilikuwa imegawanyika vipande vingi, kila mtu na chake.

Ukumbini alimsimamia Rutuja. "Ndizi unakula?"

"Nakula, mama."

"Iliki? Maziwa? Karanga? Sema sasa hivi, sitaki mapera mengine."

"Vyote nakula. Stroberi tu."

"Fungua kinywa."

Rutuja akafungua, na Vatsala akamlisha kwa mkono wake mwenyewe. Binti akatafuna, machozi yakamtoka na kicheko juu yake, akachota kwa vidole akamlisha naye. Mandakini alilia waziwazi kwenye pindo la sari. Bwana Jagtap akasema suruali ni kitu cha kufuliwa. Wakataja tarehe, mwezi wa tano, kabla ya mvua.

Walipoondoka, Dagadu aliwapakilia lile kreti kwenye gari hata hivyo, kwa ajili ya majirani zao, na hakuna aliyeweza kumzuia. Shalan alikuwa ameshaanza kisa simuni: "...ingekuwa siyo mimi kutaka kumlisha, wasingejua kitu!"

Sanket alimfuata mama yake jikoni. "Umenikasirikia?"

"Osha mabakuli."

"Mama, nilitaka kukwambia, kila siku nilitaka..."

"Yote tisa. Na sufuria. Na siku ukioa, ukiwa na la kusema, liseme lilivyo. Huyo msichana ana mdomo, hatakungoja."

"Ndiyo, mama," alisema Sanket, akakunja mikono ya shati, akatafuta sabuni mahali ambapo haijawahi kuwekwa.

Vatsala alitoka nyuma, akaketi kwenye ngazi ya jiwe na kikombe cha chai. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni, unafunika matuta ya shamba moja baada ya jingine. Bega lilimuuma. Baada ya muda Dagadu akaja, akaketi ngazi ya chini yake, kofia mkononi. Aliizungusha ile kofia mara mbili, tatu.

"Sasa kama stroberi huli," alisema hatimaye, "unapenda tunda gani?"

Vatsala hakuwahi kuulizwa swali hilo. Ilibidi afikiri. Alikumbuka kwao, bondeni, kabla ya kuolewa, ua wa nyuma na mti wenye matunda ya magamba ya kijani.

"Topetope," alisema.

Dagadu alitikisa kichwa kwa huzuni. "Topetope haioti huku juu. Baridi kali. Tena udongo huu..."

"Umeniuliza ninachopenda. Hukuniuliza kinachoota."

"Naeleza tu. Ingebidi kuchimba shimo upande wa ukuta, ule unaopigwa na jua, kuweka samadi, na gunia wakati wa baridi. Hata hivyo sidhani. Labda mche mdogo wa kuunganishwa. Kuna mtu kule Wai, lakini huyo mtu mwongo, mwaka juzi aliniuzia..."

Aliendelea. Aliinuka, akaenda mpaka kwenye ukuta, akapima kwa hatua, akarudi, akapima tena, anabishana na udongo kwa sauti. Vatsala aliipuliza chai yake akamwacha abishane.